Boti ya futi 28, mfuko mwembamba: nje tupake nini?

"Mzee, shikamoo. Nimenunua boti ya mbao ya futi 28 hapa Jinja. Chini ni mvule tupu, juu zimebadilishwa mbao kadhaa za musizi, mti laini kuliko mvule. Nataka kuwapeleka wageni chanzo cha Nile, na siku zisizo na wageni nibebe mizigo ya watu wa visiwani. Aliyeniuzia aliipaka vanishi nje yote, na sasa inabanduka kama ngozi ya nyoka. Fundi wa kwanza ananiambia nikwangue yote nipake vanishi ya boti mikono sita, yaani tabaka sita. Wa pili anasema nitie faiba na epoksi, kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi yake ngumu, eti nitasahau habari ya rangi maisha yangu yote. Wa tatu alicheka tu, akaniambia niende gereji niombe oili chafu. Pesa sina nyingi, na muda ndio sina kabisa. Nisaidie nisije nikawa mtumwa wa brashi."

Marahaba, nyabo, na hongera kwa boti.

Nianze na huyo wa tatu, maana ushauri wake ndio rahisi kuliko yote na ndio utakaokula pesa zako zaidi. Oili chafu haikauki. Inaingia kwenye mbao na kukaa humo, jua likiwaka inatoka jasho, mgeni aliyekuja na suruali nyeupe anaegemea ukingo na ndiyo mara yake ya mwisho kupanda boti yako. Siku utakapopata pesa za rangi ya kweli, haitashika. Itabidi urande ubao mpaka ufike penye mbao safi. Tena oili ile imebeba masizi na chembe za chuma za injini, na kila wimbi linaiosha kidogo kidogo ndani ya ziwa lile lile ambalo watu wa kando wanachota na ambalo Kampala inalinywa baada ya kusafishwa pale Ggaba. Huyo tumemalizana naye.

Hao wawili wengine si wajinga. Kazi wanaijua, ila wanajibu swali ambalo hukuuliza. Wateja wengi huja kwangu kuuliza rangi itawafaaje. Mimi kwanza nauliza rangi itakufaje. Kwa sababu itakufa tu, iwe ya bei gani, hasa huku kwetu: Jinja haifiki hata nusu nyuzi kaskazini mwa Ikweta, jua linatupiga utosini mwaka mzima, na maji yanalirudisha tena likapiga ubavu wa boti kutoka chini. Basi tazama namna ya kifo chake. Kuna rangi zinazokufa kwa kubanduka vipande vipande, na kuna zinazokufa kwa kugeuka unga. Inayobanduka inakuachia matanga: skrepa, msasa, vumbi, siku nne za mabega kuuma, ndipo uanze kupaka. Inayogeuka unga unaiosha, unapitisha msasa mkono mmoja, unapaka juu yake jioni ile ile. Gharama kubwa ya kupaka boti haimo ndani ya kopo. Imo kwenye mabega ya anayekwangua.

Vanishi ndiyo mfalme wa kubanduka, na inafaa ujue kwa nini, kwa sababu hiyo ndiyo iliyo ubavuni mwa boti yako sasa hivi. Vanishi ni kama kioo: jua linapita. Linapita, linafika kwenye mbao, linaanza kula ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Kwa juu vanishi bado inang'aa, lakini uso wa mbao chini yake umekwisha kufa na kuwa wa kijivu. Chukua kipande kimoja kilichobanduka kwenye boti yako, ukigeuze, ukitazame upande wa ndani. Utaona manyoya madogo ya mbao yamenata pale. Vanishi haikuachia mbao; mbao ndizo zilizojiachia zenyewe. Baadaye maji yanaingia kwenye ufa, yanatambaa chini ya vanishi, hayana pa kutokea, na hapo ndipo madoa meusi yanapoanza. Mikono sita uliyoambiwa si uongo, vanishi nzuri inahitaji mikono mingi, lakini fundi huyo alisahau kukwambia kwamba kwa jua letu, kila baada ya miezi sita hivi unatakiwa kuongeza mmoja au miwili kabla haijaanza kupasuka. Ukichelewa msimu mmoja, unarudi kwenye skrepa. Nimeona boti za hoteli zinazopendeza kwa vanishi. Hoteli hizo zina kijana anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo tu.

Faiba na epoksi ni habari nyingine. Kwenye boti mpya iliyojengwa kwa ajili yake, mbao zimekauka na zimeunganishwa kwa gundi zisitembee, ni kitu kizuri. Boti yako ni ya mbao ndefu zilizopigiliwa misumari kwenye mataruma, yaani mbavu za boti. Ikiingia majini zinavimba, ikipandishwa nchi kavu zinasinyaa, ikipigwa wimbi zinacheza. Faiba haichezi. Itapasuka kwenye mishono, maji yataingia kati yake na ubao, na utakuwa umejijengea chungu cha kuozesha mvule kwa gharama kubwa. Tena epoksi yenyewe haipendi jua. Hata ukiitia, juu yake lazima upake rangi. Kwa hiyo yule aliyesema utasahau habari ya rangi amekudanganya hata katika hilo.

Ninachokushauri ni rangi ya mafuta ya kawaida, ile wanayopaka milango na madirisha ya nje, nyeupe au krimu, isiyong'aa sana. Ndiyo hiyo tu. Inauzwa kila hadiwea, na kopo likiisha huhitaji kwenda Kampala. Ule unga mweupe uliosagwa ndani yake unazuia jua lisifike kwenye mbao, ambacho ndicho vanishi haiwezi. Ina unyumbufu kiasi, ubao ukivimba inafuata. Na inakufa vizuri: baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili inafifia, ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe, na unga huo unaondoka na mvua pamoja na uchafu. Isiyong'aa ina faida nyingine, inaficha. Rangi inayong'aa kama kioo inatangaza kila alama ya randa na kila kiraka cha fundi aliyetangulia.

Hata babu zetu wa ziwa hili walilijua jambo hili bila duka la rangi. Mitumbwi ile mirefu ya Ssese, iliyoshonwa ubao kwa ubao, ilipakwa udongo mwekundu nje. Udongo unachujuka, unapaka tena. Hakuna aliyekwangua kitu.

Rangi nyeusi, bluu nzito, kijani cha majani, hizo achana nazo juu ya mstari wa maji, hata ziwe zinapendeza namna gani. Weka kiganja saa nane mchana kwenye boti nyeupe, kisha kwenye nyeusi iliyolala kando yake. Ya pili hutamaliza kuhesabu tano. Joto hilo linakausha mbao, mbao zinasinyaa, mishono inafunguka, na wewe unaanza kulalamika kwamba boti inavuja.

Sasa kazi yenyewe. Mara hii moja utakwangua, nyabo, hakuna njia ya mkato, kwa sababu vanishi iliyokufa haiwezi kushika chochote juu yake. Lakini si lazima ukwangue yote. Chukua wembe, chora alama ya msalaba kwenye vanishi iliyobaki, bandika selotepu juu yake, sugua kwa ukucha, kisha ivute ghafla. Vanishi ikitoka na selotepu, eneo lile lote likwanguliwe. Ikibaki, ipige msasa namba 80 mpaka mng'ao wote uishe na uiache hapo hapo, itakuwa kama praima yako, ile rangi ya kwanza ya kushikia. Nadhani theluthi moja ya kazi utaiokoa kwa njia hiyo, hasa upande ambao boti ililala kivulini. Ukikuta chini ya vanishi kuna rangi ya zamani, usiichome kwa moto wala usiipige msasa kavu. Rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi, ile madini yenye sumu. Loanisha kwanza, funga pua na mdomo, tandika turubai chini ukusanye takataka zisiende majini, na watoto wakae mbali. Hata vumbi la mvule peke yake si rafiki: linawasha ngozi na kubana kifua cha wengine.

Boti ikishakwanguliwa, iache. Hapa ndipo watu wanaponikimbia. Mwenye boti anataka kuiona nyeupe Jumamosi hii. Mimi namwambia isubiri wiki mbili au tatu, juu ya magogo, chini ya kivuli cha mti au bati, upepo ukipita chini yake. Si juani, juani inapasuka. Rangi ikipakwa kwenye ubao mbichi wa maji, yale maji yatatoka tu, na yatatoka yakisukuma rangi mbele yao. Malengelenge mnayoyaona kwenye boti iliyopakwa mwezi uliopita hayatokani na rangi mbaya.

Utajuaje kwamba imekauka? Kipimo changu ni kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Kata kipande cha kaveera angavu ukubwa wa kiganja, kibandike kwenye ubao kwa selotepu pande zote nne jioni, kesho asubuhi ukitazame kabla jua halijapanda. Kikiwa na ukungu au vitone vya maji ndani, ubao bado unapumua maji. Rudia baada ya siku tatu. Kikiwa kikavu, anza kupaka. Weka vipande vitatu: kimoja karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti chini, kimoja kwenye musizi, kimoja nyuma karibu na injini. Vya chini ndivyo vitakavyokuchelewesha.

Wakati unasubiri, zunguka na kisu chenye ncha. Choma polepole kila mahali palipo na doa jeusi, kila mwisho wa ubao, kila palipo na msumari wenye kutu. Kisu kikiingia kama kwenye ndizi iliyoiva, hapo hapakwi rangi, hapo panakatwa ubao. Watu husema maji ya ziwa ni mapole kuliko ya bahari. Kwa minyoo ya kutoboa mbao, kweli, haimo kwenye maji baridi, na ndiyo maana huhitaji zile rangi ghali za shaba ambazo wenye vyombo vya baharini wanapaka chini. Nilipokuwa Mombasa niliwaona wazee wakipaka deheni, chokaa na mafuta ya wanyama, kwa ajili ya mnyoo huyo. Lakini chumvi inahifadhi mbao na maji baridi hayahifadhi. Maji ya mvua yaliyotuama ndani ya boti wiki mbili yanaozesha kuliko ziwa lenyewe. Musizi wako wa juu ndio dhaifu hapo. Mvule itakusamehe mengi, musizi haisamehi.

Kwa hiyo rangi yako nyingi iende kwenye vichwa vya mbao. Ubao hunywa maji kwa kichwa, kama bua la muwa, si kwa ubavu. Pale mbele mbao zinapokutana, pale nyuma zinapoishia kwenye ubao wa injini, na kwenye kila kiraka: hapo paka mikono mitatu minne hata kabla hujafungua kopo kwa ajili ya ubavu. Boti nyingi nilizokarabati zilianza kuoza ndani ya kiganja kimoja kutoka kwenye kichwa cha ubao, huku ubavu ukiwa mzima kabisa.

Mvule ina hila yake. Ina mafuta ya asili ambayo huchelewesha rangi ya mafuta kukauka. Unapaka leo, kesho kutwa bado inanata kidole. Kabla ya kupaka, futa ubao uliokwanguliwa kwa tambara lenye spiriti, tupa tambara, chukua jingine, mpaka litoke bila rangi ya kahawia, kisha paka siku hiyo hiyo. Vichwa vya misumari vipige brashi ya waya na uvipake redoksaidi ya chuma, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, la sivyo machozi ya kutu yatashuka kwenye rangi yako nyeupe kabla ya Krismasi. Mishono usiijaze puti ngumu ya madirisha hadi pomoni wakati mbao zimesinyaa. Zikivimba zitaitema yote nje, au zitasukumana mpaka msumari ulegee. Kalafati ya pamba, ile nyuzi inayoshindiliwa kwenye mshono, ikae ndani, juu yake dawa laini inayonyumbuka, tena usiijaze mpaka ifurike.

Praima ya mbao mkono mmoja, kisha rangi mikono miwili. Kwenye mbao tupu mkono wa kwanza uwe mwepesi: ongeza tapentaini kama sehemu moja kwa sehemu kumi za rangi ili inyweke. Si petroli, ambayo vijana wanaipenda kwa kuwa ipo kwenye injini. Inakausha uso upesi kabla rangi haijashika, na njiti moja ya kiberiti inatosha kuwapeleka hospitali. Si mafuta ya taa pia, yanaacha mafuta mafuta na rangi haikauki sawasawa.

Hesabu yenyewe ni hii. Futi 28 ni mita 8.5 hivi. Juu ya mstari wa maji una kama nusu mita kila upande, kwa hiyo pande mbili ni mita za mraba 8 au 9. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika karibu mita za mraba 10 kwenye ubao laini. Kwenye ubao wa msumeno usiorandwa, hesabu 7. Mikono miwili inahitaji lita mbili na nusu. Nunua kopo la lita nne, na kinachobaki kifunge vizuri ukihifadhi, ndicho cha kuzibia mikwaruzo miaka miwili ijayo. Usimruhusu mtu akuuzie makopo matatu.

Rangi ya maji ya nje, ile ya kuta, wengine wanaitumia juu ya mstari wa maji na si upuuzi: inapumua, inakauka haraka, brashi unaiosha kwa maji. Lakini ni laini, kila gati linaichubua, na ikikaa ndani ya maji inalainika. Kwa paa la boti, sawa. Ubavuni, hapana.

Chini ya mstari wa maji mambo ni tofauti. Rangi ya mafuta haipendi kuzama mchana na usiku; baada ya miezi inalainika na kutoa malengelenge. Hapo nakubali kitu cheusi, kwa sababu jua halifiki: rangi ya lami ya kwenye kopo, ile ya kuzuia maji kwenye misingi na matangi, mikono miwili myembamba. Si lami ya barabarani iliyochemshwa kwenye pipa. Ile inakuwa nene, nzito, inapasuka kama matope ya kiangazi. Ya kopo ni rahisi, na mwakani unaisugua tu na kuongeza mkono mmoja juu yake, haitaki skrepa. Ina masharti mawili. La kwanza, isipande juu ya mstari wa maji hata kidole, maana rangi yoyote ya mafuta utakayopaka juu ya lami itageuka kahawia. Lami inapenya na kutokea juu kama doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Elea boti kwanza ikiwa na injini na watu wawili watatu, piga alama ya chaki maji yanapoishia, ongeza upana wa vidole vinne, hapo ndipo mpaka. La pili, isiingie ndani ya boti, wala mahali samaki au miguu ya watu itakapogusa.

Kwa chini yako, mita za mraba kama 10, kopo moja la lita nne litakutosha na chenji. Na kama boti inavutwa nchi kavu kila jioni, hata lami si lazima: wavuvi wengi wameacha mvule yao tupu chini kwa miaka mingi, na iko hai.

Utelezi wa kijani utaota, upake usipake. Uondoe kwa brashi ngumu ya katani, bila sabuni ya unga wala dawa. Lakini tafadhali, vuta boti nchi kavu ndipo uisugue. Msisimame kwenye maji ya magotini kati ya magugu saa mbili nzima; konokono wa kichocho wako hapo hapo, na nimewajua mafundi waliotibiwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya uvivu wa kuvuta boti mita kumi.

Muda wa kupaka uwe kiangazi, Juni hadi Agosti, au ukikosa huo basi Desemba mwishoni hadi Februari. Anza asubuhi umande ukishakauka, fuata kivuli kuizunguka boti, acha kabla ya saa kumi jioni ili uso wa rangi ukamatane kabla ya unyevu wa usiku. Tena tazama mwezi. Wale wadudu wa ziwa wanaoinuka kama moshi, wasiouma, hupenda kutoka siku za mwezi mwandamo. Mwaka mmoja nilimaliza ubavu mzima wa boti nyeupe jioni, nikaenda kunywa chai; niliporudi na tochi ilikuwa kama kitambaa cha kanga, vitone vyeusi maelfu, kila kimoja kina mabawa. Usiguse ikitokea hivyo. Ukiwafuta rangi ikiwa mbichi unapaka uji wa wadudu. Acha ikauke, siku ya pili wafagie kwa ufagio mkavu, pitisha msasa, paka mkono wa mwisho.

Naona kwenye barua yako unasikitika kuificha mvule, kwa kuwa wageni wanapenda kuona mbao. Basi waachie ukingo wa juu na migongo ya viti, mahali ambapo mikono yao inagusa. Hapo usitie vanishi. Tia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya duka: pakaa kwa tambara, subiri robo saa, futa yote yasiyonyweka. Ukiyaacha juu yatanata na kuota ukungu mweusi. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Ni kazi ya nusu saa na hakuna cha kukwangua, mafuta yanakufa kwa kufifia tu. Ila yale matambara, nyabo, usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa linalikusanya mpaka linawaka lenyewe bila kiberiti. Niliwahi kuamshwa usiku na moshi wa ndoo yangu mwenyewe. Yatandaze juu ya mawe yakauke, au yaloweke majini kabla ya kuyatupa.

Jambo dogo linalookoa rangi kuliko rangi yenyewe: boti haiharibiki nje kwa jua peke yake, inachubuliwa na boti jirani. Kata ukanda wa tairi kuukuu upana wa kiganja, upigilie kwenye ukingo pande zote mbili, hasa katikati na karibu na injini, na kipande kingine pale kamba ya nanga inaposugua. Misumari ipite kwenye ubao wa kalitunsi, yaani mkaratusi, ulioutanguliza, sio moja kwa moja kwenye mvule, ili ukanda ukichakaa unabadilisha kalitunsi tu. Usiufunge kwa juu kiasi cha kuzuia maji kutoka nyuma yake.

Namba ya usajili nakili kwenye karatasi kabla ya kukwangua, pamoja na ukubwa wa herufi. Nimeona mtu amepaka boti ikapendeza, halafu imekaa gatini siku tisa kwa sababu hakuna aliyekumbuka tarakimu ya mwisho.

Mkono wa mwisho ukikauka, usiishushe siku hiyo. Iache wiki nzima. Rangi ya mafuta inakauka juu kwa siku moja lakini ndani bado ni laini. Halafu ishushe asubuhi, ifunge kwenye maji ya kina kifupi, toa injini. Itavuja. Mbao zilikuwa kivulini wiki tatu, mishono imefunguka, maji yataingia mpaka kwenye mataruma na majirani watakuja kukwambia umeibiwa na fundi. Chota kwa kopo asubuhi na jioni, usiongeze puti, usipigilie kitu. Kwa kawaida siku ya tatu unakuta chini pamekauka. Kufika siku ya tano kama bado inavuja mahali pale pale, weka alama kwa chaki, uniandikie ni ubao wa ngapi kutoka kwenye mkuku.